Kapteni Salaria, Elisabethville, 5 Desemba 1961: nini hasa kilitokea, na kwa nini alipewa Param Vir Chakra?

Lwalaba

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nauliza wanaoifahamu vizuri historia ya jeshi la India. Kapteni Gurbachan Singh Salaria aliuawa tarehe 5 Desemba 1961 mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, akiwa na kikosi cha Umoja wa Mataifa (UM) nchini Kongo kilichoitwa ONUC. India ikampa Param Vir Chakra, nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa vitani. Hapo hakuna ubishi.

Ubishi uko kwenye masimulizi. Wapo wanaosema aliongoza kombania nzima, wengine platuni, wengine watu 16. Wapo wanaosema aliua watu 40 kwa mkono wake. Wengine wanasema nishani ilitolewa na Umoja wa Mataifa. Na kuna wanaozichanganya habari zake na za askari wa Kargil, vita vya milimani kati ya India na Pakistan mwaka 1999, mpaka unakuta picha ya mlima wa theluji kwenye habari ya Katanga, jimbo la Kongo lenye Elisabethville.

Naomba kujua: waraka rasmi unasema nini? Na kama askari wa UM hakuwa vitani na nchi yoyote, kwa nini alipewa nishani ya vita badala ya Ashok Chakra, ile ya ushujaa nje ya vita? Mwenye uelewa wa Kargil naye asaidie, ili tujue tofauti ya mazingira.

---

Mzee wa Ramani

Ndugu Lwalaba, umeuliza vizuri. Kila Param Vir Chakra ina waraka wake wa sifa, aya chache zilizoandikwa kwa lugha kavu, na huo ndio wa kusoma kwanza kabla ya simulizi lolote.

Turudi nyuma kidogo. Katanga ilitangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe. Februari 1961 Baraza la Usalama likaruhusu nguvu itumike, pale ambapo hakuna budi, kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 24 Novemba 1961 likaenda mbali zaidi: mamluki wakamatwe na waondolewe, kwa nguvu ikibidi. Siku nne baadaye Brian Urquhart wa UM akatekwa na kupigwa na askari wa Katanga palepale Elisabethville. Kuanzia hapo kila upande ulijua mapigano yanakuja.

Mwanzoni mwa Desemba majandarmu, yaani askari wa Katanga, wakaweka vizuizi vya barabarani, na kibaya zaidi kilikuwa kwenye kipilefti cha njia inayounganisha uwanja wa ndege na mji. Ukiangalia ramani utaelewa kwa nini hakikuweza kuachwa. ONUC haikuwa na njia ya nchi kavu iliyo salama ya kuingiza vitu Elisabethville. Risasi, chakula, askari wapya na majeruhi, vyote vilipita uwanja wa ndege wa Luano. Barabara ikikatwa, makao ya UM mjini yanabaki peke yake na uwanja unabaki peke yake, na kila kimoja kinaweza kuzingirwa kwa wakati wake.

India ilikuwa imeleta Brigedi ya 99 ya askari wa miguu, kamanda wake Brigedia K.A.S. Raja. Ndani yake kulikuwa na batalioni ya 3/1 Gorkha Rifles, ya askari wa Kigorkha wenye asili ya Nepali, na Salaria alikuwa ofisa humo. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Mpango ulikuwa hivi. Kombania moja ya Wagorkha ikiwa na magari mawili ya deraya ya Waswidi inashambulia kipilefti uso kwa uso. Salaria anatokea upande wa uwanja wa ndege akiwa na seksheni mbili na magari mawili ya Kiswidi ya kubebea askari, na kazi yake ni kuziba njia: wanaokimbia wasipite, na wanaokuja kusaidia wasifike. Seksheni mbili ndizo zinazotupa hao watu 16. Platuni kamili ina seksheni tatu, kwa hiyo anayesema "platuni" anazidisha kidogo, na anayesema "kombania" anamtwisha kazi ya wenzake waliokuwa upande wa pili.

Saa saba na dakika 12 mchana, akiwa yadi 1,500 kabla ya kizuizi, yaani kama mita 1,370, alipigwa risasi nzito kutoka ubavu wake wa kulia. Pale palikuwa na kizuizi cha pili ambacho hakuna aliyekijua, askari wamejichimbia, kama 90 hivi, na magari mawili ya deraya.

Hapa ndipo uamuzi wake ulipo. Angeweza kurudi nyuma. Alikuwa katika jukumu la kuziba njia, na hakuna amri iliyomtaka achukue ngome ya watu 90. Lakini waraka unaeleza alichokiona: kundi lile likiachwa huru, linasogea hadi kwenye kipilefti na kuivuruga kombania inayoshambulia. Akaamua kuliondoa. Wakaenda kwa singe, visu vya khukri na maguruneti, kirusha roketi kikiwasaidia. Magari yote mawili ya deraya yakavunjwa, askari 40 wa Katanga wakauawa, waliobaki wakakimbia wakiacha mahandaki yao. Salaria alipigwa shingoni kwa rashasha, akaendelea kupigana mpaka akaanguka kwa kuvuja damu nyingi.

Kuhusu hao 40: waraka unaandika kwamba yeye ndiye aliyewaua, na huo ni mtindo wa nyaraka za aina hii, jina la kiongozi hubeba kazi ya kundi. Wagorkha waliokuwa naye wana sehemu yao kamili katika hesabu ile. Mtu anayesimulia kwamba kapteni mmoja aliua 40 kwa kisu anawadhulumu askari wengine waliokuwa pale, na hamwongezei Salaria chochote.

Kombania ikafanikiwa kwenye kipilefti, makao ya UM hayakuzingirwa. Mapigano ya mji yaliendelea kwa takriban wiki mbili, na tarehe 21 Desemba Tshombe akatia saini makubaliano ya Kitona ya kumaliza kujitenga. Kujitenga kwenyewe kuliisha Januari 1963.

---

Utepe na Nishani

Mzee wa Ramani amemaliza upande wa uwanja wa mapigano. Nijibu swali la nishani.

India ina familia mbili za nishani za ushujaa. Ya kwanza ni ya matendo "mbele ya adui": Param Vir Chakra juu, kisha Maha Vir Chakra, kisha Vir Chakra. Zilianzishwa 26 Januari 1950, zikahesabiwa kuanzia 15 Agosti 1947 ili zifunike vita vya Kashmir vya 1947 na 1948. Ya pili ni ya ushujaa nje ya uso wa adui: Ashok Chakra, Kirti Chakra, Shaurya Chakra. Hii ilianza Januari 1952. Angalizo kwa wanaoandika: mwaka 1961 hakukuwa na kitu kinachoitwa Kirti Chakra. Familia hiyo yote iliitwa Ashoka Chakra daraja la kwanza, la pili na la tatu, na majina ya leo yalikuja 1967. Ukiona maandishi yanayodai kuwa ya 1961 yakitaja Kirti Chakra, jua yaliandikwa baadaye.

Sasa, kwa nini Salaria aliangukia familia ya kwanza? Sharti la Param Vir Chakra halidai vita vilivyotangazwa, wala halidai adui awe dola. Linadai tendo la ushujaa wa hali ya juu kabisa au la kujitoa mhanga mbele ya adui, nchi kavu, baharini au angani. Jeshi lililojipanga, lenye mahandaki, rashasha na magari ya deraya, likikupiga kwa makusudi, linatosha kabisa kuitwa adui kwa maana hiyo. India ilifanya hivyo tena 1987, Meja Ramaswamy Parameswaran wa 8 Mahar alipouawa Sri Lanka akipigana na wapiganaji wa Kitamil, ambao nao hawakuwa dola. Salaria na Parameswaran ni mifano miwili ya kuiweka pamoja kila swali hili linapoibuka. Salaria anabaki peke yake kwa jambo moja: ndiye pekee aliyeipata nishani hii akiwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa.

Na hapana, UM haikuitoa. Enzi hizo UM ilikuwa na medali ya utumishi tu, ambayo kila aliyetimiza muda wake kwenye operesheni aliipata, awe alipigana au alikaa stoo. Medali ya Dag Hammarskjöld ya wanaokufa kazini ilianzishwa 1997. Medali ya UM ya ushujaa wa kipekee ilichelewa mpaka 2014, ikapewa jina la Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali aliyeokoa watu Kigali mwaka 1994 na akauawa hukohuko.

Kuitambua kwa macho: Param Vir Chakra ni ya shaba, duara la kama milimita 35, utepe wa zambarau mtupu wa milimita 32, katikati nembo ya taifa, na kuizunguka alama nne za Vajra, silaha ya Indra, mungu wa Kihindu. Ilibuniwa na Savitri Khanolkar, mwanamke aliyezaliwa Neuchâtel, Uswisi, mwaka 1913 na akaolewa na ofisa wa jeshi la India. Picha nyingi mtandaoni zinazoandikwa "PVC ya Salaria" zina utepe wa nusu nyeupe na nusu ya chungwa. Huo ni wa Maha Vir Chakra. Nusu buluu ya giza na nusu ya chungwa ni Vir Chakra.

Tangu 1947 zimetolewa 21 tu, 14 kati yake baada ya mhusika kufa. Ishirini ni za jeshi la nchi kavu, moja ya jeshi la anga, ya Nirmal Jit Singh Sekhon aliyerusha ndege ya Gnat kutoka Srinagar tarehe 14 Desemba 1971. Jeshi la majini halina hata moja.

---

Lwalaba

Nimeelewa sana, ahsanteni wakuu. Lakini Mzee wa Ramani, bado kuna kinachonisumbua. Watu 16 dhidi ya 90 waliojichimbia, tena na deraya. Na mwaka 1961 watu wanakwenda kwa singe na visu? Isije ikawa ni maneno ya kupamba.

---

Mzee wa Ramani

Si mapambo, ndugu. Angalia silaha za pande mbili.

Jeshi la India mwaka 1961 lilikuwa bado linatumia bunduki ya .303 ya Kiingereza, ile ya kuvuta komeo kila unapofyatua, magazini ya risasi 10. Kila seksheni ilikuwa na bombomu moja ya Bren, na baadhi ya viongozi walibeba Sten. Katanga iliyorithi na kununua silaha za Kibelgiji ilikuwa na bunduki za FAL zinazojijaza zenyewe. Kwa hiyo ukilala chini mita 300 kutoka kwao na kuanza kujibizana risasi, kila dakika inayopita wewe unazidi kushindwa. Wana watu wengi, risasi zao zinatoka haraka, na wako ndani ya udongo. Magari ya Kiswidi nayo hayakuwa kimbilio. Yale ya SKP yalikuwa malori yaliyovalishwa chuma, wazi kwa juu. Yalizuia risasi za kawaida ubavuni na basi.

Ofisa aliyefunzwa hapo ana njia mbili tu, kutoka haraka au kuingia haraka. Kukaa katikati ndiko kunakoua seksheni.

Akichagua kuingia, mpangilio una sababu zake. Magari ya deraya lazima yashughulikiwe kwanza, kwa sababu bombomu lililo juu ya gari linaona na kufagia uwanja wote wa wazi. Kirusha roketi cha inchi 3.5 kinatoboa deraya nyepesi bila shida, ila dhidi ya kitu kinachosogea unakitegemea ndani ya mita 100 hivi, kwa hiyo wapigaji lazima wasogee karibu mno. Na kikifyatuliwa kinatoa moto na vumbi kwa nyuma. Aliye nyuma yake anaungua, na adui anaona mlipotoka. Unapiga, unahama, unapiga tena.

Magari yakishanyamaza, wanakimbilia mahandaki. Guruneti la namba 36 lina sekunde nne kuanzia kishikio kinapoachia. Ukilitupa mapema sana kutoka mbali, mtu aliye handakini ana muda wa kutoka au kulirusha nje. Likidondoka ndani na kulipuka, aliyelitupa anatakiwa awe ameshafika ukingoni, kwa sababu walionusurika wanapata akili upya baada ya nukta chache. Humo ndani bunduki ndefu ya komeo ni mzigo. Ukikosa risasi moja, huna muda wa kuvuta komeo. Ndipo singe na khukri zinapokuwa silaha za kweli. Khukri ina uzito mbele karibu na ncha, inakata kwa pigo moja fupi, na Wagorkha huibeba kiunoni kila siku ya kazi.

Kitu kingine ambacho hakionekani kwenye hesabu ya 16 kwa 90 ni kwamba wale 90 hawakujua idadi ya waliokuwa wanakuja. Waliona deraya zao zinaungua, kisha watu wanapiga kelele za "Ayo Gorkhali", yaani Wagorkha wamefika, wakiwa ndani ya mahandaki. Waraka wenyewe unasema walivunjika moyo wakakimbia ingawa walikuwa wengi na wamejikinga. Kundi lililochimbia kizuizi kwa ajili ya kuvizia halijajiandaa kushambuliwa.

Kuhusu kifo chake: jeraha la shingo halifungiki kamba kama la mguu au mkono. Kinachosaidia ni kukandamiza kwa bandeji bila kuachia mpaka ufike kwa daktari wa upasuaji. Mtu anayeendelea kukimbia na kuongoza hawezi kukandamizwa. Kwa hiyo waraka unaposema "aliendelea mpaka akaanguka", maana yake ni kwamba kila dakika aliyoendelea ilipunguza nafasi ya kumwokoa. Hilo ndilo tendo lenyewe lililopewa nishani, kuliko hata hesabu ya waliouawa.

---

Kibo na Mawenzi

Habari za jioni wakuu. Nichangie Kargil na Siachen, ile barafu ya milimani ambako India na Pakistan zilipigana pia.

Kargil ilikuwa Mei hadi Julai 1999. Wapakistani walipanda wakati wa baridi na kukalia vilele ambavyo India ilikuwa ikiviacha theluji ikizidi. Kutoka juu kule waliiona barabara ya Srinagar kwenda Leh, na waliweza kuipiga kwa mizinga. India iliamua kuwatoa, ila serikali ikaweka sharti zito: mstari wa udhibiti, unaozitenganisha India na Pakistan huko Kashmir, usivukwe. Sharti hilo ndilo lililozaa aina ya ushujaa tunaousoma. Kawaida ngome ya mlimani unaikata kwa nyuma, unazuia chakula na risasi, unasubiri. Ukikatazwa kuzunguka, unabaki na uso wa mlima, usiku, kwa kamba.

Tiger Hill, kimojawapo cha vilele hivyo, ina kama mita 5,000 juu ya usawa wa bahari. Kibo ni mita 5,895, kwa hiyo anayejua njia ya kwenda Uhuru ajaribu kufikiria kufika Barafu, kisha apande ukuta wa mwamba akiwa na bunduki, risasi, maguruneti na kamba, huku juu kuna rashasha. Jeshi la India lina utaratibu wa kuuzoesha mwili: siku 6 kati ya mita 2,700 na 3,600, siku 4 nyingine hadi 4,500, siku 4 tena juu ya hapo. Jumla wiki mbili. Siku za kwanza ni kupumzika na kutembea taratibu, hakuna kukimbia wala kubeba. Anayeruka hatua hujaa maji mapafuni: anakohoa, pumzi inabana hata akiwa amekaa, midomo inabadilika rangi. Dawa ya kwanza ni kumshusha chini mara moja, na oksijeni. Usiku mmoja tu wa kusubiri unaweza kumuua kijana mwenye afya kuliko wote kambini.

Halafu mizinga. Mizinga ya Bofors ya milimita 155 ilitumika hata kwa kulenga moja kwa moja vilele vinavyoonekana. Lakini hewa ya juu ni nyepesi, kombora linakwenda mbali kuliko majedwali ya upigaji yanavyosema, kwa hiyo wapigaji walilazimika kurekebisha kwa kuangalia lilipoanguka. Na ngome zenyewe zilikuwa kuta za mawe yaliyopangwa. Kombora lisipopiga juu ya ngome yenyewe, waliomo wanatoka salama. Zaidi ya hayo, askari wako wakifika karibu sana, mizinga lazima inyamaze, la sivyo inawaua wao. Mita za mwisho ni za mtu na mtu. Nyaraka nyingi za Kargil zinahusu hizo mita za mwisho tu.

Yogendra Singh Yadav wa 18 Grenadiers ni mfano mzuri. Usiku wa kuamkia 4 Julai 1999, kwenye Tiger Hill, alikuwa kwenye platuni ya Ghatak, ile ya wateule wa batalioni. Alijitolea kutangulia na kufunga kamba kwenye ukuta wa mwamba ili wenzake wapande. Kufunga kamba maana yake uko juu ya wote, mikono yote miwili ina kazi, bunduki iko mgongoni. Walipogunduliwa, baadhi ya wenzake waliuawa, kundi likakwama. Akiwa tayari ana majeraha kadhaa ya risasi alitambaa mpaka juu, akatupa maguruneti, akaua wanne kwa karibu, na rashasha iliyokuwa inawazuia wenzake ikanyamaza. Alikuwa na miaka 19, hakuna aliyepata Param Vir Chakra akiwa mdogo kuliko yeye, na yuko hai.

Asichanganywe na Sanjay Kumar wa 13 JAK Rifles, aliyepata yake kwa tendo la tarehe hiyohiyo, 4 Julai, lakini mahali pengine: Flat Top, upande wa bonde la Mushkoh. Sanjay alivamia ngome ya kwanza akaua watatu ana kwa ana, akajeruhiwa, akaendelea hadi ya pili. Wenyeji wa ngome wakakimbia wakiacha rashasha yao, naye akaiokota akaigeuza dhidi yao. Wengine wawili wa Kargil, Luteni Manoj Kumar Pandey wa 1/11 Gorkha Rifles kule Khalubar na Kapteni Vikram Batra wa 13 JAK Rifles kwenye Pointi 4875, waliuawa.

Kwa maoni yangu, tendo gumu kuliko yote ya milimani ni la Naib Subedar Bana Singh wa 8 JAK Light Infantry, Siachen, 26 Juni 1987. Kituo alichokichukua kiko zaidi ya mita 6,400, juu kuliko Uhuru kwa nusu kilomita. Njia ilikuwa ukuta wa barafu wa mita 457, karibu wima kabisa. Kabla yake doria ya Luteni wa Pili Rajiv Pande ilijaribu mwezi Mei ikapoteza watu wake wengi, ingawa kamba walizofunga ziliwasaidia waliofuata. Kwenye baridi ile silaha ziliganda, ikabidi zipashwe moto kwa jiko la mafuta ya taa. Mafuta ya bunduki ya kawaida huwa mazito kama gundi, sehemu inayosogea inakwama, na risasi ya kwanza inaweza kutoka halafu ya pili igome. Bana Singh na wenzake wanne walipita upande mrefu na mgumu zaidi ambao haukulindwa sana, theluji ikidondoka na kuwaficha. Juu palikuwa na handaki moja. Alitupa guruneti ndani, akafunga mlango.

---

Utepe na Nishani

Umenikumbusha jambo kwa wanaokusanya orodha. Yadav alitangazwa mwanzoni kwamba amepewa nishani baada ya kufa. Batalioni ilikuwa na Grenadier mwingine mwenye jina hilohilo, na huyo ndiye aliyeuawa. Mwenye nishani alikuwa hospitalini. Mwaka 1962 ilitokea kwa namna nyingine: Meja Dhan Singh Thapa wa 8 Gorkha Rifles alihesabiwa amekufa kwenye mapigano na China, nishani ikatangazwa hivyo, kumbe ametekwa, aliachiwa 1963. Kwa hiyo usihesabu waliokufa kwa kutumia matangazo ya mwanzo.

Na usomaji wa majina ya vikosi. "3/1" maana yake batalioni ya tatu ya rejimenti ya kwanza ya Gorkha. "1/11" ni ya kwanza ya rejimenti ya 11. Watu hugeuza na kuandika "1/3", na hicho ni kikosi kingine kabisa, kina historia yake. "13 JAK RIF" na "8 JAK LI" nazo ni rejimenti mbili tofauti, Jammu and Kashmir Rifles na Jammu and Kashmir Light Infantry. Cheo pia: Sepoy, Rifleman na Grenadier ni ngazi ileile ya askari wa kawaida, jina linafuata rejimenti. Naib Subedar ni cheo cha kati ya masajini na maofisa. Usimtafsiri Bana Singh kuwa luteni.

---

Lwalaba

Nawashukuru sana. Swali la mwisho: kuna alama yoyote ya Salaria inayoonekana leo, nje ya makala?

---

Mzee wa Ramani

Zipo. New Delhi, kwenye mnara wa kitaifa wa vita uliofunguliwa Februari 2019, kuna bustani ya sanamu za vichwa vya wote 21, na yake imo. Tarehe 23 Januari 2023 visiwa 21 vya Andaman na Nicobar vilivyokuwa havina majina vilipewa majina yao, kimoja kinaitwa Salaria. Shirika la meli la serikali ya India nalo liliwahi kuipa meli yake ya mafuta jina lake kamili.

Kwa upande wa kwetu, ukitaka kuweka tukio kwenye ramani ya Lubumbashi ya sasa, anza Luano na ufuate barabara ya kuingia mjini. Tafuta ramani ya Elisabethville ya miaka ya 1950, kwa sababu mji umekua na mashamba yaliyokuwa wazi pembeni ya barabara yameshajengwa. Weka alama kwenye kipilefti, pima mita 1,370 kurudi upande wa uwanja wa ndege, kisha geuza uso kuelekea mjini: kizuizi cha pili kilikuwa mkono wako wa kulia.